Akina Leakey: Jina Adimu, Rekodi Tele

Majina ya Kiingereza tuliyoyazoea yanajulikana: Smith, Brown, Johnson, Williams. Leakey si mojawapo. Ni adimu hata huko lilikotoka. Ajabu ni kwamba jina hilo dogo limejaza vitabu vya Afrika Mashariki. Kuna Leakey aliyerukia kifaru cha adui, aliyeokota fuvu, aliyesimamia uchomaji wa pembe za ndovu, aliyegombea ubunge, na hata aliyejaribu kuyafanya maharage yasijaze watu gesi.

Kwa msomaji wa Kibamba, habari hii haiko mbali. Mambo mawili makubwa ya ukoo huu yana alama Dar es Salaam: moja iko kambini Lugalo, nyingine katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Daladala na mwendokasi vitakufikisha kote kuwili kwa siku moja, foleni ya Kimara ikikuhurumia. Orodha hii inaanzia hapo. Unapoisoma, angalia jambo moja: nani aliyeliona jambo kwanza, na jina la nani liliandikwa.

Nishani ya juu kuliko zote: Nigel Leakey

Nigel Gray Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alikuwa sajini katika Batalioni ya Sita ya King's African Rifles, yaani KAR, kikosi cha Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 kikosi hicho kilikuwa Kolito, kusini mwa Uhabeshi, kikipambana na Waitalia. Askari walikuwa wamevuka mto bila silaha za kukabiliana na vifaru, na vifaru vya adui vikawajia.

Leakey alirukia kimoja kikiwa kinatembea, akafungua kifuniko cha juu kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akamlazimisha dereva akipeleke kifaru mahali pa kujificha. Alitaka kuutumia mzinga wake, ukamshinda. Akashuka na kuvifuata vifaru vingine kwa miguu. Alifanikiwa kupanda kimoja zaidi kabla ya kupigwa risasi na bunduki ya mashine kutoka kifaru cha nyuma yake. Kaburi lake halijulikani. Novemba 1945 Uingereza ilitangaza kumpa Victoria Cross, nishani ambayo haina ya kuizidi kwa ushujaa wa vitani.

Hati ya nishani hiyo inasema hakuvivizia vile vifaru vya pili peke yake. Alikuwa na sajinimeja mmoja Mwafrika na askari wawili. Majina yao hayamo.

Vita hiyo ilikuja kulipa jina kambi iliyojengwa nje ya Dar es Salaam: Colito Barracks. Ndiko maasi ya Januari 1964 yalikoanzia, askari wa Tanganyika Rifles walipowakamata maofisa wao Waingereza usiku wa kuamkia tarehe 20. Siku chache baadaye makomando wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur. Jeshi la kale likavunjwa, na Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Colito likafutwa, ikaja Lugalo, kwa heshima ya mahali Uheheni ambapo jeshi la Mkwawa lilimuua Emil von Zelewski na kukiangamiza kikosi chake tarehe 17 Agosti 1891. Kabla ya kuundwa Wilaya ya Ubungo, Kibamba na Lugalo zote zilikuwa Kinondoni. Ni wachache wanaopita getini hapo wakijua kwamba kambi hiyo iliwahi kubeba ukumbusho wa vita vya sajini mmoja wa Kileakey.

Ukoo wa Nigel ulionja pia upande wa pili wa vita. Baba yake, Gray Leakey, aliuawa pamoja na mkewe mwaka 1954, wakati wa Mau Mau. Binti wa Gray, Agnes, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyofuata kuhubiri maridhiano.

Fuvu mashuhuri kuliko yote nchini: Mary Leakey

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey, mtafiti wa visukuku, alikuwa mgonjwa kambini Olduvai. Mkewe Mary alitoka na mbwa wake kwenda kuzungukia korongo. Aliporudi alikuwa ameona meno mawili makubwa yaking'aa kwenye udongo. Hapo ndipo lilipotoka fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus boisei. Louis alilipa jina la Zinj, ambalo Waarabu wa zamani waliiitia pwani yetu, na la Charles Boise, mfadhili wao.

Rekodi yake ya kwanza ni ya umri. Louis alikisia miaka 600,000. Mwaka 1961 wataalamu wa Berkeley, Jack Evernden na Garniss Curtis, walipima majivu ya volkano ya tabaka hilo kwa njia ya potasiamu na agoni, wakapata miaka milioni 1.75. Umri wa zamadamu ukapanda karibu mara tatu kwa kipimo kimoja, na macho ya dunia yakageukia Tanganyika katika mwaka uleule wa uhuru.

Rekodi ya pili ni ya Mary mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1913, akafukuzwa shule za watawa, na hakuwahi kusomea shahada ya chuo kikuu. Alizokuja kuwa nazo ni za heshima. Alijijengea jina kwa kuchora zana za mawe kwa usahihi ambao wasomi walishindwa kuufikia. Mwaka 1948 alipata fuvu la Proconsul katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Mwaka 1951 alikuwa Kondoa akinakili michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Sehemu lilikopatikana fuvu la Zinj inaitwa FLK katika vitabu vyote vya akiolojia duniani. Herufi hizo ni kifupi cha Frida Leakey Korongo. Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis, waliyeachana kabla ya Mary kuolewa mwaka 1936. Hivyo mke wa pili alilipata fuvu mashuhuri kuliko yote kwenye korongo la mke wa kwanza. Mary naye ana lake: MNK, yaani Mary Nicol Korongo, kwa jina lake la usichana.

Fuvu lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Posta.

Rekodi iliyovunjwa haraka kuliko zote: Jonathan Leakey

Zinj alipotangazwa, Louis alisema ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizozagaa pale. Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1960 mtoto wake wa kwanza kwa Mary, Jonathan, kijana wa miaka kama ishirini, alipata mabaki ya mtoto mwenye ubongo mkubwa zaidi, si mbali na mahali mama yake alipolipata fuvu la Zinj. Mwaka 1964 Louis, Phillip Tobias na John Napier wakayatangaza kuwa ya aina mpya, Homo habilis, na Zinj akanyang'anywa cheo cha fundi. Ugunduzi wa mama ulishushwa na ugunduzi wa mwana, na aliyetia saini alikuwa baba.

Jonathan hakuendelea na mifupa. Alihamia Baringo, Kenya, akafuga nyoka na kuuza sumu yao kwa ajili ya dawa.

Nyayo za kale kuliko zote: Laetoli

Laetoli iko umbali wa kilomita kama 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 watafiti wa kambi ya Mary walikuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mchezo. Andrew Hill akaanguka, na alipoinua uso akaona alama za wanyama kwenye majivu yaliyogeuka mwamba. Mwaka 1978, Paul Abell alipoona alama ya kisigino, ndipo njia ya zamadamu ilipoanza kufunuliwa: nyayo kama sabini katika mstari wa mita 27 hivi, zenye umri wa miaka milioni 3.66.

Hakuna nyayo za zamadamu zilizokubaliwa na wengi ambazo ni za kale kuliko hizo. Zilimaliza pia ubishi wa siku nyingi. Baadhi ya wataalamu waliamini ubongo ulikua kwanza, mwendo wa miguu miwili ukafuata. Laetoli ilionyesha kwamba waliotembea hivyo walikuwepo zaidi ya miaka milioni moja kabla ya ubongo mkubwa na kabla ya zana za Olduvai.

Dinosauria mrefu kuliko wote, na kijana aliyemkosa: Louis Leakey

Louis alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903. Baba yake, Canon Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Mtoto alikulia humohumo, akapitia jando na rika lake la Kikikuyu, na Cambridge ikamkubalia Kikikuyu kiwe mojawapo ya lugha zake za masomo.

Wachache wanakumbuka kwamba safari yake ya kwanza ya visukuku haikuwa Kenya wala Olduvai. Ilikuwa Lindi. Mwaka 1924, akiwa mwanafunzi aliyepumzishwa masomo baada ya kuumia kichwa kwenye raga, aliandamana na William Cutler wa Makumbusho ya Uingereza kwenda Tendaguru. Wajerumani walikuwa wamewatangulia huko kati ya 1909 na 1913, wakabeba mifupa ambayo leo imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin: Giraffatitan, mwenye urefu wa mita zaidi ya 13 kutoka ardhini hadi utosini, kiunzi kirefu kuliko chochote cha dinosauria kilichosimamishwa duniani. Louis alirudi masomoni. Cutler alibaki, akafa kwa malaria mwaka uliofuata.

Mwaka 1931 Louis alifika Olduvai kwa mara ya kwanza, akiwa na Hans Reck, Mjerumani aliyewahi kuchimba pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Utafiti mrefu kuliko wote wa sokwe porini: mgeni wa Louis

Rekodi hii ina jina la mtu mwingine, lakini mlango ulifunguliwa na Louis. Alimpeleka Jane Goodall, binti wa miaka 26 asiye na shahada, akawachunguze sokwe wa Gombe, kaskazini mwa Kigoma. Jane alifika tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikuruhusu msichana akae msituni peke yake. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameona sokwe akitengeneza kijiti cha kuvulia mchwa. Utafiti wa Gombe haujasimama tangu hapo. Louis aliwasaidia pia Dian Fossey kwa sokwe wakubwa wa milima ya Virunga, na Biruté Galdikas kwa orangutani wa Borneo.

Louis alifariki tarehe 1 Oktoba 1972. Jane Goodall alifariki tarehe hiyohiyo, 1 Oktoba, mwaka 2025, akiwa na miaka 91.

Moto mkubwa kuliko wote wa pembe za ndovu: Richard Leakey

Mtoto wa pili wa kiume wa Louis na Mary aliacha shule mapema, akaongoza watalii, akauza viunzi vya mifupa ya wanyama, na mwaka 1968 akakabidhiwa uongozi wa makumbusho ya taifa ya Kenya bila hata shahada moja.

Mwaka 1989 Rais Moi alimpa idara ya wanyamapori, wakati majangili walikuwa wakiwamaliza tembo. Tarehe 18 Julai mwaka huo Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za dunia. Tanzania nayo ilikuwa vitani dhidi ya majangili kwa Operesheni Uhai, na ndiyo iliyopeleka pendekezo la kuzuia biashara ya pembe hizo kimataifa, lililopitishwa Lausanne mwezi Oktoba. Moto wa Nairobi na pendekezo la Dar es Salaam vilisaidiana.

Miaka 27 baadaye Richard alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shirika la wanyamapori la Kenya. Tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tani 105, kiasi ambacho hakijawahi kuchomwa popote kwa siku moja.

Katikati ya mioto hiyo miwili alianguka na ndege mwaka 1993 na kukatwa miguu yote miwili chini ya magoti, akaanzisha chama cha Safina mwaka 1995, na kuanzia 1999 hadi 2001 akawa mkuu wa utumishi wa umma katika serikali ya Moi yuleyule aliyempinga. Alifariki tarehe 2 Januari 2022.

Zawadi kubwa kuliko zote ya ndugu: Philip Leakey

Figo za Richard zilikufa mwaka 1979. Aliyempa yake ni mdogo wake Philip, ingawa wawili hao walikuwa hawapatani. Mwaka huohuo Philip alishinda ubunge wa Langata kwa tiketi ya KANU, akakikalia kiti hadi 1992, kilipochukuliwa na Raila Odinga. Kwa hiyo Richard alipoanzisha chama cha upinzani, alikuwa akiishi kwa figo ya mtu aliyekuwa mbunge wa chama tawala.

Macho makali kuliko yote: Kamoya Kimeu

Huyu hakuwa Leakey, lakini ukimwondoa, rekodi nyingi za Leakey zinapungua. Mkamba huyu alianza kama kibarua wa Louis na Mary. Mwaka 1964, upande wetu wa Ziwa Natron, mahali panapoitwa Peninj, aliokota taya la chini la kwanza kujulikana la ndugu zake Zinj. Aliyeongoza msafara huo alikuwa Richard, akiwa na miaka 19. Mwezi Agosti 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya akaona kipande kidogo cha fuvu kisichozidi kiberiti, chenye rangi ileile ya kokoto zilizokizunguka. Kikatoka kiunzi cha mvulana wa miaka milioni 1.5 na ushei, kamili kuliko kingine chochote cha zamadamu wa kale kilichopatikana kabla yake.

Mwaka 1985 alipokea nishani ya National Geographic Society Ikulu ya Marekani, mkononi mwa Rais Reagan. Kuna nyani wa kale aliyepewa jina lake, Kamoyapithecus. Alifariki Julai 2022, miezi sita baada ya Richard.

Hakuwa peke yake. Fuvu namba 1470, lililompa Richard sifa duniani mwaka 1972, lilionwa na Bernard Ngeneo. Fuvu la Kenyanthropus platyops, lililotangazwa na Meave Leakey mwaka 2001, lilionwa na Justus Erus.

Mgunduzi mdogo kuliko wote: Louise Leakey

Meave ni mke wa Richard, na ndiye aliyetangaza Australopithecus anamensis wa miaka milioni nne mwaka 1995. Binti yao Louise, aliyezaliwa 1972, anatajwa kuwa mtu mdogo kuliko wote katika kumbukumbu kupata kisukuku cha jamii ya sokwe na binadamu: alikuwa na miaka mitano. Leo ni mtafiti wa kizazi cha tatu upande wa Turkana. Mumewe, Emmanuel de Merode, ni mkurugenzi wa Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Congo, na mwaka 2014 alipigwa risasi na kunusurika.

Harage tulivu kuliko yote: Colin Leakey

Mtoto wa kiume wa Louis kwa Frida aliachana na mafuvu akaingia shambani. Colin Leakey alifanya kazi Uganda, Makerere, akiboresha mbegu za maharage, zao ambalo mama ntilie yeyote wa Mbezi au Kibamba atakuambia ndilo linalomlipia kodi. Baadaye, huko Uingereza, alijitosa kwenye tatizo ambalo walaji wote wa maharage wanalijua na hawalizungumzii mezani: gesi. Alibuni kifaa cha kuipima, akachukua mbegu ya asili ya Chile na kuzalisha harage la Prim, lisilosumbua tumbo. Alifariki mwaka 2018.

Walio mbali kuliko wote

Wengine jina liliwapeleka kwingine kabisa. James Leakey alikuwa mchoraji wa picha za watu huko Exeter. Binti yake Caroline alikwenda Tasmania, na mwaka 1859 akachapisha riwaya ya mapema kuhusu maisha ya wafungwa wa huko. Texas kuna mji mdogo uitwao Leakey. Na kutoka tawi la Nigel alitokea mdogo wake Rea, meja jenerali aliyepigana kwa vifaru Tobruk, na mtoto wa Rea, David, kamanda wa kwanza wa jeshi la Umoja wa Ulaya huko Bosnia mwaka 2004. Kuanzia 2011 hadi 2017 David alikuwa Black Rod, yule ofisa ambaye kila Bunge la Uingereza likifunguliwa hufungiwa mlango usoni kwa makusudi, kisha hugonga mara tatu.

Rekodi ambayo si ya Leakey tena

Mwaka 2015 ilitakiwa kujengwa makumbusho Laetoli. Kabla ya ujenzi, wanaakiolojia walichimba mashimo madogo ya uchunguzi, mita kama 150 kutoka nyayo za Mary. Wakakuta nyayo nyingine za tabaka lilelile. Mmoja wa waliozikanyaga alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko mwingine yeyote wa aina yake aliyejulikana hadi wakati huo. Makala ya ugunduzi huo ilitoka Desemba 2016, na jina la kwanza juu yake ni Fidelis Masao, la pili Elgidius Ichumbaki, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jina la yule sajinimeja wa Kolito halikuandikwa kwenye hati ya nishani. Kamoya Kimeu aliandikwa, lakini kama msaidizi. Masao na Ichumbaki wameandikwa wa kwanza, kwa kuwa wao ndio waliochimba, waliopima na walioandika. Chuo chao kiko Mlimani, Wilaya ya Ubungo, wilaya moja na Kibamba.